Kutoka fidla ya taarabu hadi usaili wa chuo kikuu: miezi sita aigawe vipi?

MamaKisauni

Asalaam aleikum. Mwanangu ana miaka 18, KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya) amepata C+, na yuwataka kusomea upigaji fidla chuo kikuu. Si ualimu wa muziki, ni kupiga. Amefunzwa kwa sikio katika kikundi cha taarabu kwa miaka minne. Wimbo akiusikia mara mbili ameushika. Noti za mistari mitano hasomi, na shuleni kwao somo la Muziki halikuwapo. Usaili uko Nairobi baada ya miezi sita: vipande viwili vya mitindo tofauti, skeli (ngazi ya noti za kupanda na kushuka), kusoma noti papo hapo na mtihani wa sikio. Aanze wapi? Na je, taarabu aiweke kando kwanza?

FidlaMvita

Wa aleikum salaam mama. Taarabu asiiache. Ila leo usiku, kabla ya jingine lolote, mwambie apige nyuzi nne wazi, moja moja, kutoka mnene kwenda mwembamba. Wapo wapiga fidla wa taarabu wanaotuni Kiarabu: G-D-G-D (herufi ni majina ya noti za nyuzi, kuanzia uzi mnene). Usaili utataka G-D-A-E. Nyuzi mbili nene ni zile zile, lakini mbili nyembamba zinapanda toni nzima, na hapo ndipo vidole vinapopotea. Kwenye uzi wa tatu kidole cha kwanza kilikuwa kikimpa A. Sasa kitampa B. Macho yatasoma A, na mkono utakwenda kule ulikozoea.

Ikiwa ndivyo alivyotuni, wiki tatu za kwanza zote ziishie hapa. Skeli ya G kubwa, oktava mbili, metronomu (kifaa cha kupigia mapigo) kwenye 60 kwa dakika, kila noti mapigo mawili, upinde mzima kutoka kwenye mkono hadi ncha. Akifika D ya kidole cha tatu kwenye uzi wa A, autazame uzi wa D ulio wazi. Noti ikikaa sawasawa, uzi ule utatetemeka wenyewe bila kuguswa, ataona umekuwa kama ukungu mwembamba. Usipotetemeka, kidole kimekosea, asogeze kidogo kidogo mpaka auone. Mwalimu huyu hana malipo na yuko naye saa zote.

La pili ni robo toni, yaani noti zinazokaa katikati ya noti mbili jirani za piano. Sikio lililolelewa na rasti (mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu) huiweka noti ya tatu na ya saba katikati, si juu si chini. Ndani ya rasti huo ndio utamu wenyewe. Ndani ya G kubwa, B na F kali zitasikika zimeshuka, na piano inayomsindikiza haiwezi kumfuata. Dawa: apige B kwa kidole cha kwanza kwenye uzi wa A pamoja na uzi wazi wa E, kwa upinde mmoja. Akisikia mawimbi wa-wa-wa, bado. Mawimbi yakitulia, B imekaa. Dakika tano kila siku zatosha, lakini kila siku.

MwalimuTudor

Naongezea upande wa noti, kwa sababu hapo ndipo wapigaji wa sikio wanapoanguka. Wenye sikio zuri husikia mistari miwili ya kwanza, kisha hukisia iliyobaki. Msaili huijua hali hiyo mara moja: sauti nzuri, mapigo mabaya.

Asianze na kitabu cha kusoma, aanze na kuandika. Achukue wimbo anaoupiga usingizini na kuandika mizani minne (vipande vifupi vya mapigo kati ya mistari ya wima) kwa siku kwenye karatasi ya muziki, kwa penseli, urefu wa noti kwanza (makofi na kuhesabu kwa sauti), kisha majina. Baada ya mwezi jicho litakuwa limeshazoea kwamba kile anachokisikia kina sura. Ndipo aanze kusoma papo hapo, dakika 15 kwa siku, kila siku ukurasa mpya. Ukurasa uliopigwa mara mbili si kusoma tena, ni kukumbuka.

Katika mitihani ya ABRSM (bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki) mtahiniwa hupewa nusu dakika ya kuangalia. Azoee kuitumia hivi: ufunguo, hesabu ya mapigo, noti ya juu kabisa, halafu mahali pagumu kwa mapigo. Kasi aichague kwa pale pagumu, si kwa mstari wa kwanza. Na akikosea asirudi nyuma. Kurudi huvunja mapigo, na mapigo yakivunjika noti sahihi zinazofuata hazimsaidii.

Kwa kuwa hana Muziki wa KCSE, ulizeni idara kama wanakubali cheti cha ABRSM badala yake, na muombe jibu kwa maandishi. Jueni kwamba huwezi kufanya Gredi 6, 7 wala 8 za kupiga bila kufaulu kwanza nadharia ya Gredi 5, au mtihani mwingine wa Gredi 5 unaokubaliwa badala yake. Nadharia hiyo hufanywa mtandaoni, alama 75, kufaulu ni 50. Mwenye bidii anaweza kuimaliza ndani ya miezi minne akianza sasa. Mtihani wa kupiga una alama 150, kufaulu 100: vipande vitatu vya alama 30 kila kimoja, skeli 21, kusoma 21, sikio 18. Jumlisha mwenyewe uone uzito wa vipande.

Kuhusu vipande viwili, wengi hukosea kwa kuchagua kigumu kuliko uwezo. Sehemu ya kwanza ya koncheto (kipande cha fidla na okestra) ya Vivaldi katika A ndogo (Opus 3, namba 6) inatosha kuonyesha upinde safi na vidole vilivyo sawa. Mle ndani asiteleze kidole wala kutia madoido ya taarabu. Cha pili, ulizeni kama bashraf (kipande cha ala tupu cha taarabu) inakubalika, maana ingekuwa hasara kubwa kijana wa Mombasa kuingia pale na kukificha anachokijua zaidi. Apige khana (sehemu) moja na kiitikio chake, na aiandike kwa noti ampe msaili nakala, robo toni akizionyesha kwa alama ya kushusha iliyokatwa kistari. Karatasi hiyo itasema mengi juu yake kabla hajashika upinde.

Fundi_MjiWaKale

Walimu wamesema yao, mimi nasema ya mbao. Fidla iliyokaa Mombasa imekunywa unyevu. Vigingi vimevimba na kukaza. Ikifika Nairobi, mita kama 1,700 juu na hewa kavu, mbao hunywea, vigingi vikalegea, na asubuhi ya usaili mtoto akafungua kasha akakuta nyuzi zimelala zote. Nyuzi zikilegea pamoja daraja (kibao kinachobeba nyuzi) huanguka, na kijiti kinachosimama ndani ya fidla chaweza kuanguka nalo. Kukisimamisha ni kazi ya fundi.

Kwa hivyo afike siku mbili kabla. Kwenye treni kasha lisikae chini ya kipoza hewa, na upinde asiuache umekazwa hata kidogo: singa zikikauka hufupika, na upinde uliokazwa huvunjika kichwa. Akifika aache kasha limefungwa saa mbili, kisha atuni polepole, kigingi akikisukuma ndani huku akikizungusha. Kikiteleza, akitoe na kukipaka chaki kavu; kikikwama, sabuni kavu. Sabuni isizidi.

Na akipandisha nyuzi kutoka G-D-G-D, kila robo ya mzunguko wa kigingi aangalie daraja. Kichwa chake huvutwa kuelekea vigingini. Upande unaotazama mkia (kibao kinachoshika ncha za chini za nyuzi) usimame wima, aurudishe kwa vidole viwili. Ubao ukiachana pembeni, msitie gundi ya dukani. Gundi ya fidla ni ya ngozi ili fundi aweze kuifungua siku nyingine.

MamaKisauni

Nimemwambia apige nyuzi wazi. Ni G-D-G-D kama ulivyosema. Harusi za Jumamosi bado anapigia kikundi. Atuni huku na huku kila wiki?

FidlaMvita

La, mama. Uzi mwembamba utakatika na fidla haitatulia. Tafuteni ya kuazima ya harusi, hata kuukuu, ibaki Kiarabu. Ikikosekana, abaki G-D-A-E na kwenye kikundi apige mstari wa chini kwa nyuzi mbili nene. Hizo hazijabadilika.