Ulinganisho: MTB (baiskeli za milimani) tatu chini ya milioni mbili, nichukue ipi?

Mpandaji_Ilboru
Wakuu, habari za jioni. Nipo Arusha, njia zangu ni kutoka Sakina kupandisha Ilboru hadi pembezoni mwa msitu wa Meru, na mara nyingine Olmotonyi. Kiangazi ni lile vumbi jeusi la volkano, masika ni utelezi na makorongo. Nina kilo 88. Bajeti inagota milioni mbili na sitaongeza hata mia. Nimebaki na hizi:

A – Mpya, tairi za inchi 29, fremu ya alumini. Shimano Altus gia 24 (sproketi za mbele meno 42-32-22, nyuma 8 za meno 13 hadi 32), foku (uma wa mbele wa kufyonza mishtuko) Suntour XCT ya springi, diski za mafuta za Tektro. Milioni 1.2.

B – Mpya, 29, alumini. Shimano Deore gia 10 tu (mbele sproketi moja ya meno 32, nyuma 11-46), foku Suntour Raidon ya upepo, breki Shimano MT200. Milioni 1.95.

C – Mtumba wa Ujerumani, tairi 26. Shimano SLX gia 27 (44-32-22, nyuma 11-34), foku RockShox Reba, breki Avid Elixir. Milioni 1.4.

Moyo uko kwa A. Kwa milima hii gia 24 naona ndiyo penyewe, na chenji inabaki ya helmeti na taa. Nipeni mawazo.

Spoku32
Mkuu, hizo 24 zisikubabaishe. Mlimani unaitumia moja, ile nyepesi kuliko zote. Chukua meno ya mbele ugawe kwa ya nyuma, jibu likiwa dogo ndiyo gia nyepesi: A ni 22 kwa 32, unapata 0.69. B ni 32 kwa 46, unapata 0.70. Mguu wako hautaijua hiyo tofauti. C ni 0.65, na tairi lake dogo linaipunguza makali zaidi, kwa hiyo kwa kupanda C ndiyo nyepesi kuliko wenzake wote.

Kwenye gia ya mbio kuliko zote B inaishia 32 kwa 11. Ukichapa mizunguko 90 kwa dakika unakuwa kwenye kilomita 36 hivi kwa saa, A inafika kama 40. Unashindana na daladala? Kama hapana, hujapoteza kitu. Hizo 24 zenyewe nyingi zinarudiana.

fundi_wa_Njiro
Mimi kilichonishtua ni hiyo 13 kwenye A. Kaseti (rundo la sproketi za nyuma linalochomekwa) za kawaida za gia 8 zinaanzia meno 11 au 12. Ukiona 13, uwezekano mkubwa hiyo ni friwili, rundo la kufunga kwa nyuzi kama skrubu, siyo kaseti.

Kwa nini nalalamika: kwenye hubu (kitovu cha gurudumu) ya friwili, beringi ya upande wa cheni inakaa ndani, halafu friwili yote ya gia 8 inaning'inia nje yake. Ekseli inabaki na kipande kirefu kisichoshikwa na kitu. Mtu wa kilo 88, makorongo, mzigo mgongoni: ekseli inapinda, na ikishapinda inakatika. Hubu ya kaseti beringi yake imesogezwa nje karibu na fremu, shida hiyo haina. Ekseli zilizopinda ninazopokea hapa karibu zote ni za friwili.

Kupima dukani ni dakika moja. Tazama katikati ya sproketi ndogo ya nyuma, pale inapoingia spana yake ya meno. Zungusha pedeli kinyumenyume. Ile sehemu ya kuingizia spana ikizunguka pamoja na sproketi, ni kaseti. Ikisimama huku sproketi zinazunguka, ni friwili. Muuzaji asikwambie "zote ni sawa tu".

Mama_Kipedeli
Shikamoo fundi. Lakini tusimtishe mwenzetu. Mimi natembelea ya namna ya A, naenda nayo shamba Usa River na kurudi, haijanisumbua. Sproketi na cheni za gia 8 unazipata mjini kwa bei ya kueleweka. Hiyo ya gia 10 ikichakaa, kaseti ya meno 46 ataipata wapi? Ataagiza Nairobi asubiri.

fundi_wa_Njiro
Marahaba dada. Kwa shamba na kurudi A inatosha kabisa, wala nisingemwambia mtu aongeze hela. Huyu mwenzetu anashuka msituni, ndipo tunapoachana. Hilo la vipuri umenena. Faraja ni kwamba hubu ya Deore gia 10 inapokea kaseti za Shimano za 8, 9 na 10. Akikwama kabisa anafunga ya gia 8 pamoja na shifta yake (kibadili gia cha mkononi) na direla yake (mkono wa nyuma unaohamisha cheni), maisha yanaendelea. Angekuwa na Deore ya gia 12 ningemkataza, maana ile hubu yake ni ya mtindo mwingine kabisa na kaseti hizi za kwetu haziingii.

Ngong_Kwa_Magurudumu
Salamu kutoka Kenya. Naona C mmeiruka, na mimi ndiyo ningebeba. SLX si mchezo, iko juu ya Deore kwa ngazi. Na Reba ni foku ya watu wanaoendesha kwelikweli. Bei yake ikiwa mpya ingekula bajeti yote ya huyu jamaa. Tairi za 26 ziko kila mahali, hata dukani kijijini. Za 29 je?

Spoku32
Kaka, Reba ikiwa nzima nakubaliana na wewe asilimia mia. Neno ni hilo, "ikiwa nzima". RockShox wenyewe wanataka miguu ya chini ya foku ifunguliwe na kubadilishwa oili kila saa 50 za kuendesha. Mtumba umeshuka kwenye kontena, nani anajua mara ya mwisho ilifunguliwa lini? Apitishe ukucha taratibu kwenye yale mabomba ya juu yanayong'aa. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, aachane nayo, maana mkwaruzo huo utakuwa unatafuna sili (mipira ya kuzuia oili) kila siku, na sili za foku ya zamani hivyo ni za kuwinda.

Breki nazo: Elixir zinatumia mafuta ya DOT, na hilo kwetu ni zuri, maana DOT ipo kila duka la spea za magari. MT200 ni mafuta ya madini, usije ukatia DOT humo, sili zinavimba na breki imekufa. Ila Elixir za miaka ile zilikuwa na sifa ya kupenda kuingia hewa, na kuitoa ni kazi.

fundi_wa_Njiro
Niongeze moja kuhusu C. Fremu za 26 nyingi shingo yake (bomba la mbele foku inapoingia) ni nyembamba juu mpaka chini. Foku nzuri za siku hizi shina lake, ile sehemu inayoingia shingoni, ni nene chini, haliingii. Kwa hiyo siku Reba ikifa, fremu nayo imepata kilema. Direla, shifta, breki, hata krenki (mikono ya pedeli), vyote unabadilisha pole pole hela ikipatikana. Shingo ya fremu na aina ya hubu ndivyo unavyokaa navyo. Kanunue hivyo kwanza, herufi za Deore au SLX zije baadaye. Wauzaji wanajua macho yetu yanakimbilia direla ya nyuma, ndiyo maana wanaweka direla nzuri pale halafu wanakubambikia cheni na krenki hafifu.

Mpandaji_Ilboru
Asanteni sana wadau. Leo nimepita madukani. A: nimezungusha kinyumenyume, katikati imesimama tuli. Friwili. C: bomba la kushoto lina mkwaruzo, ukucha unakwama vizuri tu, na breki ya nyuma ukiibonyeza inazama mpaka kwenye mshikio. Muuzaji anasema "itakaa sawa ukiizoea".

B: kaseti kweli, shingo nene chini. Gurudumu la mbele linafungwa kwa ule mkono wa kufungua haraka. Diski zimeandikwa maneno ya pedi za resini tu. Direla haina kitu chochote cha kuwasha na kuzima, ni hiyo tu. Nini cha kuhofia hapo?

Spoku32
Kitu cha kuwasha na kuzima ndiyo klachi ya kubana cheni isirukeruke kwenye mawe. Deore za gia 10 zipo zenye nayo na zisizo nayo, yako haina. Utasikia cheni ikigonga fremu ukishuka. Funga tyubu ya zamani kwenye ule mkono wa fremu wa chini upande wa cheni, kelele zinaisha. Cheni ikianza kuchomoka ndipo ununue yenye klachi, siyo leo.

Diski: usiweke pedi za chuma, zitazila. Za resini zinaisha haraka masika, tembea na pea moja ya akiba.

Mama_Kipedeli
Na kwa kilo 88 kwenye miinuko ile ya Ilboru, kaka, mwambie fundi abadilishe sproketi ya mbele kutoka 32 iwe 30. Inakuwa 30 kwa 46, sawa na ile ya C mliyokuwa mnaisifu.

fundi_wa_Njiro
Sahihi. Njoo nayo nikupimie urefu wa cheni hapo hapo. Kwenye foku ya upepo usitumie pampu ya tairi, tafuta ile ndogo yenye geji. Jaza, kaa juu ukiwa na begi lako, uone inazama kiasi gani: ikizama robo ya urefu wote inaoweza kuzama, acha hapo. Hiyo hela yako iliyobaki elfu hamsini, helmeti kwanza.

Ngong_Kwa_Magurudumu
Sawa, mmenishinda kwa C. Mwenye B, tairi za ziada za 29 ukikosa huko niambie, mtu wa basi la Namanga huwa anabeba.