Disney au Universal Orlando kwa familia isiyotaka kukimbizana?

Mama Wawili
Habari zenu wadau. Tunajipanga kwenda Orlando, Florida, kwenye zile paki za michezo, mimi na mume wangu, binti wa miaka 11 anayependa rola kosta kupita kiasi, mdogo wake wa miaka 4 ambaye hata lifti anaiogopa, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Mume anataka Universal, mi roho yangu iko Disney, mama mkwe anasema popote palipo na kiti. Shida kila nikisoma nakuta watu wanapanga ratiba utadhani wanaenda jeshini, kuamka alfajiri, simu mkononi kuwinda nafasi za michezo, sijui nini. Jamani mi nataka likizo. Mliokwenda kote kuwili, wapi kuna nafuu kwa watu wa polepole? Na tulale hoteli zao au nje?

Mpanda Ngazi
Dada mi ningechagua hoteli kwanza ndo nije kwenye paki. Disney World ni kubwa mno, inakaribia kilomita za mraba 100, paki ziko 4 na kila moja iko kivyake, kutoka hii kwenda ile ni basi au boti au monoreli au vile vibehewa vinavyoning'inia kwenye waya, Skyliner. Ukienda Magic Kingdom, mojawapo ya hizo 4, na gari huegeshi mlangoni, unaliacha ng'ambo ya ziwa halafu unapanda feri au monoreli ndo ufike getini, sasa usiku fataki zikiisha umati wote unarudi njia hiyohiyo, mtoto kalala begani, bibi anatafuta pa kukaa. Bado hujafika kwenye gari hapo.

Universal zile paki 2 za zamani zimepakana, unatoka moja unaingia nyingine kwa miguu, na hoteli za karibu zina njia ya miguu na boti. Jua likiwaka mnarudi kulala, saa kumi jioni mnaingia tena, hakuna aliyechoka. Halafu ukilala Portofino Bay, Hard Rock au Royal Pacific unapewa Express kwenye hizo paki 2 bila kulipia zaidi, michezo mingi mnapita foleni fupi muda wowote mnaotaka. Ni hoteli ghali, sikufichi, ila piga hesabu ya Express ya watu 5 ukiinunua pembeni, utashangaa. Angalizo, Epic Universe, paki yao mpya iliyofunguliwa Mei 2025, haimo kwenye hiyo ofa na iko mbali na hizi, mpaka upande basi.

bibi_harusi_mstaafu
Mpanda Ngazi umeongea vizuri ila huyo wa miaka 4 umemsahau. Universal akafanye nini? Rola kosta ya VelociCoaster kipimo chake cha urefu wa mtu ni sm 130, michezo mingine mingi mikubwa inaanzia 102, na iliyobaki ina makelele na giza, mtoto anayeogopa lifti mtamshika nyie. Magic Kingdom kuna michezo kibao isiyo na kipimo kabisa, anapanda na bibi yake wanacheka. Kuna kitu kinaitwa PeopleMover, kinatembea taratibu juu juu, upepo unakupiga, foleni yake kwa kawaida inasogea haraka, mama mkwe atataka kurudia. Ila kuingia unakanyaga mkanda unaotembea na behewa halisimami, kwa hiyo mmoja wenu amshike mkono. Akichoka sana viti vya magurudumu vinakodishwa pale pale kwenye paki, asione aibu, wazee wengi wanafanya hivyo.

Na hiyo ya kuwinda nafasi alfajiri imepungua siku hizi. Lightning Lane Multi Pass, yaani foleni fupi ya Disney, unalipia pembeni na bei inapanda kulingana na siku, lakini unachagua michezo mapema, siku 7 kabla ukilala hoteli za Disney, 3 ukilala nje. Mnachagua mmekaa zenu kwenye kochi. Paki moja kwa siku, msihamehame, na katikati wekeni siku ya bwawa la hoteli tu. Watu wanakataa siku hiyo eti hasara, mi naona ndo siku watoto wanaikumbuka.

Kobe
Binti wa miaka 11 msimnyime rola kosta zake kwa ajili ya mdogo. Kote kuwili mzazi mmoja anabaki na mdogo, mwingine anapanda na binti, wakirudi mnabadilishana bila kupanga foleni upya. Disney wanaita Rider Switch, Universal Child Swap. Mara nyingi mtoto mkubwa anapanda mara 2 kwa mpango huo, kwa hiyo yeye hatalalamika kabisa 😂

Mnaenda lini lakini? Msiende kati ya Krismasi na mwaka mpya, huko hakuna kupumzika. Kiangazi mvua za radi za mchana ni kawaida na michezo ya nje inafungwa mpaka zipite. Mwishoni mwa Januari ndo poa, watu wachache na jua halichomi.

Mama Wawili
Asanteni sana, sasa naona mwanga. Tunafikiria Januari, Disney siku 3 na Universal 2. Ila mume kasoma hapa anasema tuhamie Royal Pacific hizo siku 2 za mwisho, mi nikiwaza kufunga mabegi ya watu 5 katikati ya likizo nachoka kabla sijaanza.

Mpanda Ngazi
Lala usiku mmoja tu. Express inaanza siku ya kuingia na inaisha siku ya kutoka, kwa hiyo usiku mmoja unapata siku 2 nzima. Fikeni asubuhi, mabegi muwaachie mapokezi hata kama chumba hakijawa tayari, muingie paki. Kesho yake mnatoka chumbani, mabegi yanabaki mapokezi tena, mnacheza mpaka jioni. Tiketi za paki bado mnanunua, hizo hazimo kwenye bei ya chumba. Na mkitaka ile treni ya kuunganisha paki 2 nunueni tiketi ya kuingia paki zote 2 kwa siku moja, ile ya paki moja hawakupandishi.

bibi_harusi_mstaafu
Na kwa mama mkwe ombeni chumba karibu na lifti, korido za kule ni ndefu.