Mjadala: Asilimia 40 ya vipindi vya nyumbani, vikaragosi vya watoto vitengewe fungu?

Bahari_Kuu: Vituo vya runinga Kenya vinatakiwa kuhakikisha asilimia 40 ya vipindi vyake ni vya nyumbani. Mimi nasema sehemu yake itengewe watoto kisheria, vikiwemo vya vikaragosi, yaani wanasesere wa kuchezeshwa kwa mkono. Mchezeshaji wao anaitwa msimu mmoja, kisha anasahauliwa. Afrika Kusini wana Takalani Sesame, kipindi cha watoto cha vikaragosi, tangu 2000, watu wamekomaa humo humo.

Kaka Mkubwa: Sheria ya nini? Ubongo Kids wameanza 2014 Tanzania kwa katuni na wamefika nchi nyingi. Kikaragosi ni soksi na mkono, yeyote anaweza.

Fundi Sponji: Soksi na mkono? Kaka, nyoosha mkono juu ya kichwa dakika kumi bila kuushusha, halafu urudi hapa. Kikaragosi akifungua mdomo, kinachoshuka ni kidole gumba. Vidole vinne vya juu vinatulia. Asiyefundishwa huinua vya juu, kichwa kinarudi nyuma, macho yanatazama dari. Na monita, ile skrini unayojitazamia ukichezesha, si kioo: ukisogea kulia kwako, kikaragosi kwenye skrini anakwenda kushoto.

Dada wa Mikindani: Ongeza midomo. Kwa "Habari zenu watoto" mdomo hufunguka mara nane, mara moja kwa kila silabi. "Mtoto" ina silabi tatu lakini mdomo hufunguka mara mbili, maana "m" inatamkwa mdomo umefungwa. Wengi hufungua mara moja kwa kila neno, na mtoto wa miaka minne anaona.

Kaka Mkubwa: XYZ Show ya 2009 ilipendwa na hakuna aliyehesabu silabi.

Fundi Sponji: Ile ni dhihaka ya wanasiasa, ya watu wazima, na vichwa vyake ni vya mpira. Usituchanganyie.

Dada wa Mikindani: Hata sponji ya kutengenezea kikaragosi ina mambo. Ya unene wa sentimita moja na robo inatosha kichwa. Gundi ipakwe pande zote mbili, isubiriwe hadi isishike kidole, ndipo ubane. Ukiharakisha, mshono unaachia chini ya taa katikati ya kurekodi. Na usiianike juani, itageuka njano na kumeguka.

Bahari_Kuu: Jamani, swali lilikuwa fungu la watoto.

Dada wa Mikindani: Ndiyo hilo hilo, ndugu yangu. Kikaragosi mwenye mikono ya kushika vitu anataka watu wawili: mmoja kichwa na mkono wa kushoto, mwingine mkono wa kulia. Bajeti ikibanwa anakatwa wa pili. Hiyo sheria yako itamtambua nani?

Kaka Mkubwa: Wa kichwa. Mkono wa kulia ni msaidizi tu.

Fundi Sponji: Msaidizi? Anafuata pumzi ya mwenzake bila kuambiwa. Akichelewa nusu sekunde, kikombe kinafika mdomo ukiwa umeshafungwa, na tukio zima linarudiwa. Alipwe kama muigizaji, jina lake liandikwe mwisho wa kipindi.

Kaka Mkubwa: Jina liandikwe, sawa. Malipo sawa na wa kichwa, hapana.