Mbio za watoto siku za skukuu: tupeane uzoefu, wangu karudi na kiatu kimoja

MamaNunuu
Assalaam alaykum wana jamvi. Leo nafukua sanduku natafuta sare za skuli, nikakuta raba moja nyeupe, ya kulia, ina udongo mwekundu mpaka kesho. Ya kushoto imebaki uwanja wa Gombani, huku Pemba. Nikacheka peke yangu.

Ilikuwa mwaka mpya, yale mazoezi ya tarehe 1 Januari. Tuna wageni, rafiki wa mume wangu tangu skuli, kaja na mkewe na watoto kutoka Dar. Watoto wao wana raba za kukimbilia na vichupa vya maji vya kiunoni. Wangu mbio zao ni za kutoka chuo cha Kurani, pekupeku. Filimbi ilipolia watu wakasukumana, Nunuu kiatu kikamchomoka, naye akainama kukitafuta katikati ya miguu ya watu wazima! Nikapiga kelele, "Kiache! Kiache!" Kakimbia na kimoja mpaka mwisho, na kampita mtoto wa wageni. Mamake kaninunia hadi chakula cha mchana. Nyie yaliwakuta yepi?

KarafuuKavu
Pweza wa nazi ulimpikia bure 😂

UrojoMbili
Mie wa mjini. Wangu wa miaka 6 nilimtia mbio za Michenzani mpaka Mnazi Mmoja, nikijua njia imenyooka, hapotei. Hakupotea. Ila kufika Kisiwandui kajiunga na kikundi cha mazoezi, watu wazima wa mchakamchaka, kazishika nyimbo zao zote. Jioni kaziimba mbele ya bibi yake. Zile nyimbo, jamani, si za mbele ya bibi.

Wa_Mkoani
Michenzani mpaka Mnazi Mmoja nayo ni mbio? Njooni Pemba mkimbie vilima.

UrojoMbili
Tushaanza. Kila kitu nyie vilima.

MwanaWaShamba
Nilikuwa nasoma tu, lakini hiyo "hapotei" imenitonesha.

Idi kubwa ya 2018. Rafiki yangu wa Unguja alituletea binti yake wa miaka 8, tumwite Asya, aje ale skukuu na wanangu. Amana ya mtu. Usiku wa kuamkia Idi mke wangu anawatia watoto hina na piko, ile rangi nyeusi, akaona awaandikie na namba yangu ya simu mkononi, maana Idi pili kuna mbio za mtaani. Nikamsifu sana. Kumbe Asya kalalia mkono piko haijakauka.

Mbio zenyewe kama kilomita mbili, kuzunguka mashamba na kurudi uwanjani. Njia panda kawekwa kijana wa kuonesha njia. Yule kijana kaenda kununua malai. Wanangu njia wanaijua, wakakata kushoto. Asya alikuwa nyuma, kaona mgongo wa kanzu nyeupe unakwenda kulia, akaufuata. Ni mzee wa watu anakwenda zake kutembelea jamaa.

Watoto wakafika mmoja mmoja. Wangu wote wawili. Mimi nimesimama chini ya mwembe, nahesabu. Robo saa. Nusu saa. Vijana washapanda pikipiki kutafuta. Mara simu, babake: "Vipi, Asya keshakimbia?" Nikamwambia, "Ehe, anakunywa maji." Wallahi sijui ulimi ule ulitoka wapi. Nilipokata simu magoti yakaniisha nguvu, nikakaa chini na kanzu yangu ya Idi.

Aliyetuokoa ni kipaza sauti cha msikiti wa kijiji cha pili: mtoto wa kike, gauni la buluu, hajui kwao. Nimefika namkuta kakaa juu ya jamvi na bibi mmoja, wanachambua karafuu, makonyo, vile vijiti vyake, huku, karafuu kule, mikono inanukia. Hakulia hata kidogo. Kaniuliza, "Ami, nimekuwa wa ngapi?"

Yule bibi alikuwa kaipiga namba ya mkononi. Moja ya mwisho ilivurugika ikawa kama saba, kapokea bwana mmoja wa Mwanza. "Mama, mimi Pemba sina mtoto." Lakini roho haikumkalia, kutwa nzima anampigia bibi: kapatikana? Kapatikana? Jioni nikampigia mimi. Mpaka leo Idi haipiti hajanitumia salamu.

BiSharifa
Ya rabi. Huyo wa Mwanza umeshamwalika?

KwaniVipi
Mtoto wa watu, miaka 8, ugenini, kilomita mbili peke yake? Halafu unamdanganya baba mtu.

MwanaWaShamba
Nilimwambia usiku ule ule. Alikaa kimya kirefu, kisha akataka kuzungumza na mwanawe. Mwaka uliofuata hakumleta. Sikumlaumu.

Wa_Mkoani
KwaniVipi, sisi umri huo tukitumwa dukani vijiji vitatu.

KwaniVipi
Na wangapi mliliwa na mbwa?

BiSharifa
Mkishagombana: piko msiwatie watoto. Wangu ilimuunguza, malengelenge wiki nzima. Namba iandikeni kwa kalamu ya wino, tena mikono yote miwili. Na asubuhi uji mzito.

UrojoMbili
Uji mzito umrudie njiani? Tende tatu na maji, basi. Ukifika Januari na joto la kaskazi, wakimbie saa kumi na mbili na nusu au wasikimbie kabisa.

KarafuuKavu
Wangu alikula urojo kwanza, akawa wa pili. Alikuwa anakimbilia choo.

BiSharifa
MwanaWaShamba hujajibu. Umemwalika?

MwanaWaShamba
Nimemwalika. Anasema anaogopa bahari.

MamaNunuu
Wangu wageni wanarudi tarehe 12, Mapinduzi. Mama mtu kashauliza kama mbio zipo.

KarafuuKavu
Hiyo raba ya kulia mwachie mtoto wake.