Ushauri: nataka kumtengenezea baba mkwe modeli ya behewa la barua la treni ya usiku, Cork–Dublin

Mkwe_wa_Cork:
Habari zenu wakuu. Naishi Cork, Ireland, nimeoa huku. Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa posta, ila kazi yake ilikuwa ndani ya treni: usiku kucha wamesimama wanachambua barua, treni inakimbia, na wakiingia Dublin kila barua ishajua inakwenda wapi. Huduma hiyo ya Dublin–Cork ilianza 1855, ikafungwa 1994. Siku hizi mzee magoti hayamruhusu kutoka sana, na nikikaa naye mazungumzo hayachelewi kufika kwenye treni yake. Stesheni anazitaja kwa mpangilio, Mallow, Limerick Junction, Thurles, Portlaoise, na kila moja anakumbuka mifuko ipi iliteremshwa na ipi ilipakiwa.

Nataka nimpe behewa lake, dogo la kuweka mezani. Nina reli za modeli za kipimo cha OO, na kichwa cha treni cha aina ya 071 kutoka kampuni ya modeli ya Murphy Models. Mabehewa ya abiria ya Ireland nimeyaona madukani, la kuchambulia barua sijalipata. Kuna jamaa anauza la Uingereza, lile jekundu la Royal Mail, posta ya kule, bei nzuri. Je, nilinunue nilipake rangi upya? Na kuhusu upana wa reli: ya Ireland ni milimita 1,600, sasa OO inanipa 16.5. Nibadili reli zote? Mkono wa ufundi ninao kiasi, kukata na kugundisha si tatizo.

Bushiri_reli:
Usinunue hilo jekundu. Mzee aliyeishi humo ndani miaka yote hiyo atalitambua kabla hujamaliza kulitoa kwenye boksi. Mabehewa mengi ya Ireland ni mapana kuliko ya Uingereza, na umbo la ubavu ni tofauti. Rangi haifichi umbo.

FundiKaratasi:
Naunga mkono, na naongeza.

Reli kwanza, maana hilo ni jepesi. OO ni milimita 4 kwa kila futi moja. Ukitaka reli ya Ireland iwe sahihi kwa kipimo hicho, unahitaji milimita 21. Wapo wanaofanya hivyo, ila ni kung'oa kila kitu, ekseli hadi njia panda za reli. Kwa kitu cha kukaa mezani, acha 16.5. Akilitazama kwa ubavu hataona magurudumu yamebanana.

Behewa lenyewe lijenge kwa shiti za plastiki. Nene ya milimita 1 kwa ubavu wa ndani, ya nusu milimita kwa ngozi ya nje. Behewa la futi 60 litakutokea na urefu wa milimita 240. Magurudumu na fremu zake nunua tayari, usijitese.

Kabla ya kukata chochote, muulize mzee anataka mwaka gani. Kijani cha CIÉ, shirika la usafiri la taifa la Ireland, ni cha zamani. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 60 ikaja rangi ya machungwa na nyeusi. Na kichwa chako cha 071 kilifika Ireland mwishoni mwa 1976. Kama kumbukumbu zake ni za kabla ya hapo, tafuta kichwa cha aina ya A; hivyo vilianza kazi 1955, kutoka kiwanda cha Metropolitan-Vickers. Irish Railway Models wamekitoa kwa OO. Hata majina ya stesheni yanategemea mwaka: Heuston ya Dublin iliitwa Kingsbridge hadi 1966, na Kent ya hapo Cork ilikuwa Glanmire Road. Ukiweka kibao, hakikisha ni jina alilolijua yeye.

mama_stempu:
Mimi nilikuwa posta, si ya treni, ya dirishani na baadaye chumba cha kuchambulia. Niruhusuni niseme jambo moja.

Nyinyi mnazungumzia ubavu wa nje. Huyo mzee nje aliliona dakika chache kabla ya kupanda. Maisha yake yalikuwa ndani. Mtu wa kuchambua barua hakumbuki behewa, anakumbuka vijumba vyake vya kutilia barua, kila kimoja na mji wake: kipi kiko usawa wa macho, kipi lazima ujinyooshe, mji gani unajaa haraka. Mkono unakwenda wenyewe. Mimi hadi leo nikifumba macho navijua vyangu.

Kwa hiyo anza na ndani. Safu ya vijumba upande mmoja, meza yake chini, upande wa pili ndoano na mifuko inayoning'inia. Ndiyo maana mabehewa haya upande wa vijumba yana madirisha machache au hayana kabisa. Sasa mkalishe umuulize: ulisimama wapi? Jirani yako nani? Chai mlichemshia wapi? Mwache achore mwenyewe, hata mstari ukipinda.

Na usisahau tundu la kutumbukizia barua ubavuni. Mtu aliyechelewa posta alikuja jukwaani na barua yake, analipia stempu ya ziada, anaitumbukiza moja kwa moja kwenye treni. Tundu dogo tu, ila mzee akiliona atakuelewa.

Kaka_Holyhead:
Dada umesema kweli tupu. Mimi niko Wales, karibu na bandari ya Holyhead, ambako treni ya Irish Mail kutoka London ilikuwa inakutana na meli ya kwenda Ireland. Treni hiyo ilianza Agosti 1848. Meli nazo zilikuwa na chumba cha kuchambulia. Meli moja ya barua, RMS Leinster, ilipopigwa torpedo tarehe 10 Oktoba 1918, ilikuwa na wachambuzi wa barua 22, na 21 walikufa. Wale walikuwa wenzake mzee wa kazi ileile, kizazi kilichomtangulia. Huwa nawakumbuka nikipita pale.

Mkuu, jambo la kuwa nalo makini: treni ya barua ya Cork–Dublin iliporwa karibu na Sallins tarehe 31 Machi 1976. Watu walikamatwa, wakapigwa hadi wakakiri, na mmoja wao, Nicky Kelly, alikuja kupewa msamaha wa rais 1992. Likizungumzwa na yeye mwenyewe, msikilize. Wewe usilianzishe.

Mkwe_wa_Cork:
Asanteni sana. Nimekaa naye jana na karatasi kama alivyosema mama. Kachora vijumba safu kwa safu, kakosoa, kachora tena, mke wangu akaja kutuambia chakula kimepoa. Mwaka anaoutaka ni wa rangi ya machungwa na nyeusi, kichwa cha aina ya A. Kuhusu Sallins hajagusa, nami sikugusa.

Swali la mwisho: paa niligundishe au liwe la kufunua? Na taa?

FundiKaratasi:
La kufunua, lazima. Sumaku ndogo nne pembeni, paa linabaki imara na linatoka kwa kidole. Taa weka LED za mwanga wa njano, na kapasita ndogo ili zisipepese behewa likipita kwenye uchafu wa reli. Vijumba vikate kwa kadi nyembamba, plastiki itakuwa nene mno kwa kipimo hiki. Mifuko finyanga kwa udongo wa epoksi, kila mmoja ulegee kivyake.

Bushiri_reli:
Halafu kama magoti yanaruhusu siku moja, mpeleke Malahide, karibu na Dublin. Kuna jumba la makumbusho la reli ndogo, Casino House, lenye modeli za Cyril Fry aliyekuwa mchoraji wa ramani za ufundi katika karakana ya treni ya Inchicore, Dublin. Treni hadi Heuston, tramu ya Luas hadi stesheni ya Connolly, kisha DART, treni ya mjini. Nenda siku ya kazi, wikendi watoto ni wengi na hatapata pa kukaa.

mama_stempu:
Mchukulie na kiti cha kukunja.