Sianotaipu, fotogramu na kemigramu ukuta mmoja: mwanga gani, kadibodi gani?

pembe_nne

Wakuu, naomba ushauri. Tunaandaa maonyesho ya picha za majaribio kwenye makumbusho madogo: wiki 16, siku 6 kwa wiki, saa 8 kwa siku. Kuna sianotaipu 12 (picha za buluu zinazochapwa kwa chumvi za chuma na mwanga), fotogramu 8 za nyeusi na nyeupe, yaani picha zisizotumia kamera, za vitu vilivyowekwa juu ya karatasi ya picha (tano ni za karatasi ya nyuzi, tatu za karatasi yenye plastiki), kemigramu 3 (michoro ya kemikali, vanishi na nta juu ya karatasi ya picha), na lumeni 2 (karatasi ya picha iliyojichapa rangi juani) ambazo hazijapitishwa kwenye fiksa, dawa ya kuondoa chumvi za fedha zinazobaki. Mpangilio ni wa miaka: sianotaipu mwanzoni, kwa kuwa Herschel aliibuni mwaka 1842, kisha fotogramu za mtindo wa Man Ray na Moholy-Nagy wa mwaka 1922, mwisho kemigramu, aliyoianzisha Pierre Cordier mwaka 1956. Kadibodi ya kuzungushia picha ndani ya fremu imeandikwa "haina asidi", vioo ni vya kawaida, na taa zinatoa lux 200 (lux ni kipimo cha mwanga) ukutani. Kuna kitakachoharibika?

chumba_cha_giza

Zitakazoumia kwanza ni sianotaipu, na mkosaji wa kwanza ni hiyo kadibodi, hata kabla ya taa.

Kadibodi nyingi za "haina asidi" zimetiwa kalisi kaboneti, yaani chokaa, ili imeze asidi itakayojitokeza baadaye. Kwa michoro ya penseli ni kinga nzuri. Kwa sianotaipu ni sumu, maana buluu ya Prussia, rangi inayounda picha hizo, haivumilii alikali: inavunjika na kuacha rangi hafifu ya kutu. Angalia kingo, pale karatasi inapogusana na dirisha la kadibodi. Madoa ya manjano huanzia hapo, hasa unyevu ukipanda. Buluu iliyopotea kwa njia hiyo hairudi. Tumia kadibodi ya pamba tupu isiyotiwa chokaa na iliyofaulu kipimo cha PAT (ISO 18916), kinachoonyesha kama kadibodi itadhuru picha. Inafaa pia kwa fotogramu, kwa hiyo nunua aina hiyo moja kwa kazi zote.

Mwanga una tabia nyingine. Unaifanya buluu ipauke, lakini picha ikiwekwa gizani penye hewa, oksijeni huirudisha kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana sianotaipu isifungwe kwenye bahasha isiyopitisha hewa. Hata hivyo, usilifanye hilo kisingizio cha kuacha taa kali. Piga hesabu: lux 50 × saa 8 × siku 96 ni lux-saa 38,400. Kwa lux 200 ni 153,600, mara nne. Baki kwenye 50.

Kushusha mwanga si lazima ununue taa mpya. Taa ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga wake hupungua hadi robo: 200 kwa mita 1.5 huwa kama 50 kwa mita 3. Pima kwenye uso wa picha yenyewe, pembe zote nne na katikati, maana doa la taa huwa kali katikati hata wastani ukiwa mzuri.

karatasi_pamba

Naunga mkono yote hayo. Naongeza upande wa madini ya fedha, yanayounda picha za nyeusi na nyeupe, kwa sababu watu hudhani fotogramu za nyeusi na nyeupe ni ngumu kama jiwe.

Zile tatu za plastiki ndizo za kuhofia. Tabaka lake jeupe lina titani dioksidi, nayo ikipigwa na mwanga huzalisha vioksidishaji. Ndani ya fremu iliyozibwa havina pa kutokea, basi vinaishambulia fedha: vidoa vya rangi ya chungwa, au mng'ao kama wa kioo kwenye sehemu nyeusi. Acha mgongo wa fremu upumue, na weka lux 100 au chini ya hapo.

Rangi ya ukuta nayo! Rangi ya mafuta ikiwa mbichi hutoa peroksidi zinazochoma fedha vilevile. Paka rangi ya maji, kisha acha chumba wazi wiki tatu au nne kabla ya kutundika.

Picha isiguse kioo. Unyevu ukipita asilimia 65, jelatini, tabaka linaloshika picha, hulainika na kunata, na kuibandua ni kung'oa picha. Weka kitenganishi cha mm 3 hivi, na uulinde unyevu wa chumba kati ya asilimia 30 na 50 bila kuyumbayumba.

pembe_nne

Asanteni sana. Vipi lumeni na kemigramu? Kioo cha kuchuja urujuanimno hakitoshi?

chumba_cha_giza

Hakitoshi. Kioo hicho huzuia urujuanimno, lakini mwanga unaoonekana nao hupausha sianotaipu. Kwa lumeni hali ni mbaya zaidi: chumvi za fedha bado zimo, kila saa ukutani picha inaendelea kujichapa. Ukiipitisha kwenye fiksa, zambarau na waridi hugeuka hudhurungi na kukwajuka. Iskani mara moja tu (taa ya skana nayo ni mwanga), chapa nakala kwa wino wa pigmenti, na andika wazi kwenye kibandiko kwamba ni nakala. Ya asili ibaki gizani.

karatasi_pamba

Fiksa usiiguse kabisa bila idhini ya msanii. Zile rangi ndizo kazi yenyewe.

Kemigramu zitazame kwa mwanga wa pembeni. Mara nyingi hubaki mabaki ya vanishi au nta yaliyoinuka, kwa hiyo kitenganishi kiwe mm 6. Usitumie akriliki kama mabaki yanabanduka, maana umemetuamo wake huyavuta. Zishike kwenye lux 50 pia, kwa kuwa huwezi kujua kila sehemu imefiksiwa kiasi gani.

Kuhusu mpangilio wako: mtu akitoka juani akakutana na lux 50 ataona weusi tu. Kwenye njia ya kuingilia tundika maandishi ya utangulizi kwa lux 150 hivi, umpe dakika mbili tatu za kusoma. Baada ya hapo buluu za mwanzo zitamfungukia zenyewe.