Friji ya inveta au ya kawaida kwa nyumba ya Mombasa?

BintiTudor
Assalam aleikum wenzangu. Friji yangu imekufa, fundi asema kompresa imekwisha na kuitengeneza ni kutupa pesa. Nina 45,000 mkononi. Dukani Mwembe Tayari nimeonyeshwa mbili, zote milango miwili. Moja ni ya inveta, ile isiyoganda barafu ndani. Nyingine ni ya kawaida, ya kuyeyusha barafu mwenyewe. Jirani naye auza ya mtumba kutoka Uingereza kwa nusu ya pesa hizo. Nichukue ipi? Nataka jibu kabla ya Jumamosi, kuna gari la shemeji litapita.

FundiMajengo
Wa aleikum salaam dada. Bado hujatuambia kitu. Lita ngapi? Mko watu wangapi? Uko ghorofani au chini, karibu na maji au mbali? Mita ni yako peke yako au mwagawana? Na ile ya kwanza ilikufaje: ilikuwa yalia "tk" kila baada ya muda na kushindwa kuwaka, au ilikuwa yanguruma tu bila baridi? Hilo la mwisho lataka jibu, maana kama ni umeme uliyoiua, mpya nayo itafuata.

Kijana_wa_Bamburi
Inveta, wala usizunguke. Kompresa ya kawaida yajua mambo mawili tu, kwenda kwa nguvu zote au kusimama. Ya inveta ikishapata baridi hupunguza mwendo, ikaendelea polepole. Huisikii usiku, haivuti umeme kwa mshindo inapoanza, na tokeni zakaa. Kwetu tuna moja na sitorudi nyuma.

MamaWawili_Likoni
Kimya chake ni kweli, lakini mwambieni dada habari ya bodi pia, ile sahani ya umeme inayoiendesha kompresa. Mimi nilichukua ya inveta kwa kulipa kidogo kidogo, duka silitaji. Ikavuka feri kwa mkokoteni, imesimama wima, na sikuichomeka mpaka asubuhi yake ili mafuta ya kompresa yatulie. Miezi ya mwanzo ilikuwa raha. Ikaingia Ramadhani, nimeshaijaza: changu, ngisi, nyama ya sambusa, maziwa. Siku hiyo stima ikawa yaja yaondoka, yaja yaondoka, mara ya mwisho ikarudi taa zimekuwa nyeupe kupita kiasi. Nyuma ya friji tukasikia mlio mdogo. Taa ya ndani yawaka, mlangoni nambari zaonekana, baridi hakuna.

Fundi wa duka alichukua muda kuja. Alipokuja akafungua kifuniko cha nyuma, skrubu zote zimeshika kutu, moja ikakatika kichwa. Ndani ni bodi ya kijani, na juu ya bodi mjusi amekauka, kalala juu ya njia mbili za umeme, ngozi imeungua upande mmoja. Nikaambiwa mjusi si kasoro ya kiwanda. Nikauliza, na ile miaka 10 iliyobandikwa mlangoni? Kumbe ni ya kompresa peke yake. Bodi waranti yake ni mwaka mmoja, na haigusi wadudu wala umeme mbovu. Bodi ikaagizwa Nairobi. Ngisi niligawia majirani, nyama nikaipika yote usiku ule ule, na kila jioni mtoto akatumwa barafu dukani ili watu wafuturu na kitu cha baridi. Wakati wote huo malipo ya mwezi hayakusimama. Yaniuma mpaka leo, kulipia kabati lenye taa.

Kijana_wa_Bamburi
Pole sana mama. Lakini hapo mwenye kosa ni umeme au mjusi? Kama ni mjusi, angeweza kuingia kwenye friji yoyote.

FundiMajengo
Angeingia, lakini asingekuta cha kuua. Friji ya kawaida haina bodi. Ina themostati ya kupimia baridi, rilei ya kuwashia kompresa na kinga ya kompresa iliyofunikwa pale pembeni. Vyote vitatu navipata mjini siku hiyo hiyo, na nafunga kwa muda mfupi. Bodi ya inveta kila modeli ina yake. Mimi sina chuki na inveta, kompresa zake ni nzuri kweli na hazili umeme. Shida ni kwamba pwani hatufi kwa kompresa. Chumvi ya upepo na umande wa usiku hukaa kwenye bodi, miguu ya vipuri yaota kutu, na umeme ukiruka pale pale panaungua. Ndiyo maana nauliza kila mtu kama dirisha lake laangalia maji.

NahodhaMstaafu
Chukueni ya mtumba ya Ulaya, bati lake ni zito na raba ya mlango yashika. Yangu nimeipata ikiwa tayari imetumika huko miaka mingi na bado yafanya kazi. Hizi mpya za siku hizi ukiegemea mlango waingia ndani.

Mwalimu_Kizingo
Nahodha, bati sawa, ila kuna jambo moja wanunuzi wa mtumba hawalitazami. Ndani ya friji, pembeni karibu na droo ya mboga, kuna kibandiko chenye herufi za hali ya hewa. SN ni chumba cha nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST hufika 38 na T hufika 43. Nyingi za Ulaya, hasa za zamani, ni N au SN. Mwezi wa Februari na Machi jikoni kwetu, sufuria ya wali ikiwa motoni, nyuzi 32 zapitwa mapema. Friji hiyo haitazimika, itazunguka mchana kutwa bila kupumzika, na maziwa yataganda kwa uchachu si kwa baridi. Ukikuta T au SN-T, yaani kuanzia SN hadi T, jadiliana bei. Ukikuta N peke yake, iache.

NahodhaMstaafu
Nimeenda kuangalia yangu. Yaandika SN-T. Shukran mwalimu, nilikuwa sijui hizo herufi zina maana gani.

Mkaazi_Kongowea
Na mtumba yataka uangalie gesi. Kama kompresa imeandikwa R600a, gesi yake yashika moto na huwekwa gramu chache tu. Kuna mafundi hujaza R134a, gesi nyingine, humo kwa sababu ndiyo waliyo nayo. Friji hupoa kidogo, halafu kompresa hufa.

FundiMajengo
Kweli kabisa. Na asiye na uzoefu asikaribishe moto wa kuchomelea kwenye R600a ndani ya jiko dogo lililofungwa. Gesi itolewe kwanza, madirisha wazi.

BintiTudor
Nawashukuru. Majibu: Tudor, ghorofa ya tatu, dirisha la jikoni laangalia maji. Tuko sita. Mita ni yangu, tokeni. Ya zamani ilikuwa yalia "tk" kila baada ya dakika chache, mwisho ikanyamaza. Lita sijui, ilikuwa yanifika begani. Pia nauza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa madrasa, kama vifuko 50 kwa siku, siku za joto zaidi.

Mkaazi_Kongowea
Vifuko 50! Dada, hapo habari yote imegeuka.

Mwalimu_Kizingo
Kweli imegeuka. Kifuko kimoja tukikadiria mililita 100, vifuko 50 ni lita tano kila siku. Kushusha maji kutoka joto la chumba hadi sifuri ni kazi, lakini kuyagandisha yakiwa tayari sifuri ni kazi karibu mara tatu ya hiyo. Kwenye kibandiko tafuta uwezo wa kugandisha kwa saa 24, huandikwa kwa kilo. Friji nyingi za nyumbani za milango miwili ni kilo mbili hadi nne hivi. Ukiipa tano kila siku, na watoto sita wafungua mlango wa chini kutafuta maji baridi, hata kompresa mpya itachoka.

BintiTudor
Si watoto sita, tuko watu sita. Watoto ni watatu.

MamaWawili_Likoni
Basi wewe wataka friza ya kulala, ile ya kufungua juu. Ukifunua, baridi yabaki chini. Ya kusimama ukifungua mlango baridi yote yamwagika miguuni, waisikia kwenye vidole.

Kijana_wa_Bamburi
Na nyumbani wale nini? 45,000 haitoshi friza na friji zote mbili mpya.

Mkaazi_Kongowea
Friza ndogo mpya ya biashara, halafu kwa nyumbani ile ya mtumba ya jirani, ikiwa kibandiko chake ni T. Barafu ndizo zitalipa friji.

FundiMajengo
Mpango huo si mbaya, lakini vyombo viwili ni tokeni mara mbili. Yuniti huhesabiwa kwa madaraja: hadi 30 kwa mwezi, kisha hadi 100, kisha zaidi ya 100, na kila daraja bei yapanda. Dada, mwezi wa kawaida wanunua yuniti ngapi? Angalia kwenye ujumbe wa simu, si kwa pesa, kwa yuniti. Kwenye karatasi ya nyota ya friji kuna matumizi ya umeme ya mwaka. Ikiwa yuniti 220, gawa kwa 12, ni kama 18 kwa mwezi. Kwa joto letu na kugandisha kila siku, hesabu zaidi ya hapo.

Na kwa hiyo "tk" uliyoisema: hiyo ni kinga inakata kompresa inayoshindwa kuanza. Mara nyingi umeme ulikatika ukarudi haraka kabla gesi haijatulia, au volti zilikuwa chini. Vyovyote utakavyonunua, weka gadi. Inakata volti zikishuka au kupanda, na umeme ukirudi husubiri dakika kadhaa kabla ya kuwasha.

Kijana_wa_Bamburi
Gadi yakata tu. Stabilaiza yasawazisha. Sehemu ambazo stima iko chini jioni nzima, gadi itakuachia friji imezimwa mpaka usiku wa manane na barafu zimekuwa maji.

FundiMajengo
Stabilaiza za bei rahisi nimeshazifungua nyingi, rilei ndogo na waya mwembamba. Afadhali friji izimwe kuliko iungue. Kwa inveta naweza kukubaliana nawe, zina nafasi kubwa ya volti. Kwa friza ya kawaida, gadi nzuri.

Kijana_wa_Bamburi
Stabilaiza mbovu ni mbovu, sawa, lakini hiyo si hoja dhidi ya zote. Mimi nasimama hapo hapo.

MamaWawili_Likoni
Mimi nawauliza hao mijusi wazuiliwe vipi? Nimeweka maganda ya mayai nyuma, wapita juu yake.

Mkaazi_Kongowea
Wavu wa madirisha, ukate kipande ukibandike kwenye matundu ya kifuniko cha bodi.

FundiMajengo
Wavu uwe wa matundu makubwa kidogo, na usiguse pale kompresa inapopumulia. Ikikosa hewa joto halitoki. Na friji isiegemee ukuta, iache nafasi ya kiganja. Wale wanaofunika juu kwa kitambaa cha kudarizi mpaka kikaninginia nyuma, tafadhali kikunjeni. Tena chomoeni plagi mara moja moja mtazame pini. Zikiwa na ukijani au weusi, zisafisheni, soketi ya pwani yaungua taratibu bila mtu kujua.

NahodhaMstaafu
Na harufu ya papa mkavu? Mke wangu ameweka ng'onda kwenye friji na sasa hata siagi yanuka.

MamaWawili_Likoni
Ng'onda hauhitaji friji Nahodha, ushakauka. Utoe, weka bilauri ya magadi ndani ikae siku mbili tatu. Na raba ya mlango ipanguse kwa maji ya ndimu, harufu hukaa kwenye mikunjo.

BintiTudor
Nimeangalia ujumbe, mwezi uliopita nilinunua yuniti 84, na friji ya zamani ilikuwa bado yafanya kazi. Kibandiko cha friji ya jirani kimefutika, yaonekana herufi moja tu, kama N au pengine ni mwisho wa SN. Shemeji gari lake litakuja Jumapili badala ya Jumamosi. Sasa nauliza, hiyo friza ya kulala ya lita 100 yapita ngazi za ghorofa ya tatu? Ngazi zetu zina kona mbili.

FundiMajengo
Pima upana wa ngazi pale kwenye kona, na upana wa mlango wa jikoni bila kuhesabu fremu. Niandikie zote mbili hapa. Wapagazi wasiilaze, hata kama wakwambia ni rahisi.

Mkaazi_Kongowea
Na kama kuna mtu anajua wapi mjini napata raba ya mlango ya friji ya milango miwili, ile ya sumaku, anijulishe. Yangu imepasuka kona ya chini na barafu yajijenga hapo hapo kila siku.